Viti Vitupu vya Imara Tisa

Usiku wa kuamkia leo niliota Imara Tisa ya mume wangu imebisha hodi mlango wa jikoni. Nikafungua, mtoto begani. Gari lilisimama pale limeinamisha taa zake kwa adabu, likasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu, halafu nikakumbuka kwamba gari lile lina miaka ishirini na sita nami nina ishirini na mitatu. Niliona aibu, lakini shikamoo ikishapokelewa hairudishwi kwa mwenyewe.

Sitaendelea kabla sijaeleza nililala na nini kichwani, maana ndoto hii haikutoka hewani.

Mume wangu anaitwa Eliuta. Hapa kwetu Njombe magari madogo ya mizigo tunayaita kirikuu, lakini Eliuta hataki la kwake liitwe hivyo. Ni Imara Tisa, jina lote, kama mtu aliyebatizwa. Alfajiri ya leo alikuwa aende nalo Makambako kwa mara ya kwanza likiwa limejaa, gunia ishirini za viazi, na njia yake inapita mteremko wa Kihesamba, ambako hata mbuzi hushuka kwa kufikiri.

Nami nasoma masomo ya jioni. Tunakaa kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yakigusa kidevu, na Mwalimu Kyando anatufundisha kuandika. Mwalimu ana sheria moja. Kila sentensi inayodai jambo lazima iwe na mtu nyuma yake: aliyeona, au aliyepima, au aliyeambiwa, na kama aliambiwa, aliambiwa na nani. Asipomwona mtu huyo, hasemi neno wala haandiki kosa. Anachora tu pembeni, kwa kalamu nyekundu, kiti kitupu. Miguu minne na mgongo.

Wiki iliyopita alitupa kazi: chagua jambo linalosemwa na majirani zako wote, uliandike, kisha utafute nani alilisema kwanza. Mimi niliandika habari za Imara Tisa. Kwamba inabeba tani mbili. Kwamba breki zake hazichoki. Kwamba ilitengenezwa kwa ajili ya nchi za milima, kwamba injini yake haijawahi kufunguliwa, kwamba hupanda mlima imejaa na dereva asiguse gia. Na mwisho, kwa sababu ukurasa ulikuwa haujajaa, kwamba rangi yake nyeupe ni ya kiwandani. Niliandika kwa mwandiko wangu bora. Halafu nikaenda kuuliza. Fundi Sigala alisema alisikia kwa dalali. Dalali alisema aliambiwa na mafundi. Nikampelekea Mwalimu daftari likiwa hivyo hivyo, na likarudi na viti sita vyekundu, vimejipanga kama ukumbi ambao harusi imeahirishwa.

Sasa jana jioni mwenye viazi, Mzee Mbwilo, alifika kupakia. Akatazama gari, akatazama gunia, akauliza kama kweli litaweza. Eliuta hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na daftari langu, akafungua ukurasa wa kumi na nne, akaweka kidole.

"Imeandikwa, mzee. Na mke wangu anasoma."

Mzee Mbwilo alifuatisha mistari kwa kucha, akasifu mwandiko, akauliza vile viti ni vya nini. Eliuta akamwambia ni mapambo ya mwalimu.

Nilimvuta pembeni nikamweleza viti maana yake ni kwamba hakuna anayejua. Alicheka, si kwa ubaya. Eliuta hana ubaya. Akaniambia, "Mama Agri, kila mtu anajua," akarudi kupakia. Gunia moja kilo mia, gunia ishirini tani mbili, gari tani mbili. Kwake ilikuwa imekaa sawasawa kama kifuniko na sufuria yake. Lakini gunia la kwetu haliishii mdomoni. Linashonewa lumbesa juu, kichwa kizima cha viazi kilichofungwa kwa kamba na majani, mpaka gunia linasimama kama mtu aliyevaa kofia ya baridi. Eliuta alihesabu watu, hakuhesabu kofia.

Nilisikia springi zikishuka. Kisha Agripina, binti yetu wa miezi saba, akalia, nikaenda kumnyonyesha, na usingizi ukanichukua hapo hapo.

Basi, gari liko mlangoni.

"Naomba unisindikize mizani," linasema. "Nimesikia leo wanapima maneno."

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda. Eliuta alikuwa kwenye usukani tayari, amelala fofofo, kofia usoni. Hatukuwasha injini. Tulikaa, na barabara ikaja.

Mizani ilikuwa imelala kando ya lami, sahani ya chuma pana kama ua wa nyumba, ikicheua taratibu kama ng'ombe. Ilitukaribisha vizuri. Ilisema tupande juu yake bila wasiwasi, ila tujue utaratibu: maneno kwanza, viazi baadaye.

"Kila neno lina kiti chake," Mizani ikasema. "Kikikaliwa, neno linapita. Kikiwa kitupu, uzito wake unabebwa na dereva."

Nikageuka kutazama nyuma. Juu ya gunia kulikuwa na viti sita vyekundu, vyembamba kama vilivyochorwa, na upepo ulikuwa unapita katikati yao bila kuomba njia.

"Breki hazichoki," Mizani inasoma. "Nani kasema?"

Kiti kikatetemeka kidogo. Eliuta, pale alipolala, akazama ndani ya kiti cha dereva mpaka kiunoni, kama mtu anayeketi kwenye tope. Hakuamka.

"Imetengenezwa kwa ajili ya nchi za milima. Nani kasema?"

Eliuta akazama mpaka tumboni. Nikamshika kola. Viti vya injini na gia vilisomwa pamoja, kwa kuokoa muda, na alipotulia nilikuwa naona mabega na kofia tu.

"Tani mbili," Mizani ikasema, na hapo sauti yake ikawa nzito kidogo. "Nani kasema?"

"Kila mtu," nikajibu haraka, kwa woga. Sijui kwa nini nilitumia neno la Eliuta. Labda kwa kuwa nilikuwa nimemshika kola.

"Aitwe."

Kila Mtu akaja kwa miguu kutoka upande wa soko. Alivaa ovaroli ya Fundi Sigala, viatu vya Mzee Mbwilo, na kilemba kilichofanana sana na cha mama mkwe wangu. Alitusalimia wote kwa mara moja, akauliza habari za nyumbani, za mtoto, za mvua. Alikuwa mcheshi. Mizani ikamwomba apande bodini akae kwenye kiti chake.

Alipanda. Alikaa. Akapita katikati ya kiti, akaangukia viazi.

"Samahani," akasema, akijipangusa. "Mimi huwa sikai. Mimi hupita tu."

"Uliambiwa na nani kwamba gari hili linabeba tani mbili?"

"Sikuambiwa. Nilisoma."

"Wapi?"

"Kwenye daftari la Mama Agri," akasema Kila Mtu kwa heshima kubwa, "ukurasa wa kumi na nne. Mwandiko mzuri sana."

Magari yote yaliyokuwa kwenye foleni yakazima taa, yakanigeukia.

Nilitaka kueleza. Nilisema niliandika ili niulize, si ili nijibu. Nilisema viti vile vinaonekana, vyekundu, hata asiyejua kusoma anaviona. Mizani ilinisikiliza mpaka mwisho.

"Viti alichora mwalimu," ikasema. "Wewe ulichora nini?"

Sikuwa nimechora kitu. Niliandika vizuri, nikaacha daftari mezani, nikaenda kunyonyesha.

"Basi kaa."

Nikakaa kwenye kile kiti. Kilinishika, maana mimi nina makalio. Na tani mbili zikanijia magotini taratibu, kama mtoto mkubwa anayetaka kupakatwa. Agripina mgongoni akacheka.

"Siyo tani mbili," ikasema sauti chini yangu. Ilikuwa ni viazi. Siyo vyote, ni vile vya kwenye lumbesa, vilivyofungwa juu ya midomo ya gunia. Kiazi kimoja kikubwa chenye jicho moja kilikuwa msemaji wao. Kilieleza kwamba wao kisheria hawapo. Sheria inataka gunia liishie mdomoni. Wao wako juu ya mdomo. Kwa hiyo hakuna anayewahesabu, na asiyehesabiwa hana uzito.

"Lakini tunajihisi wazito," kikaongeza. "Hilo tunaomba liandikwe pia, kama kuna nafasi."

Nikawaambia nitaangalia. Magoti yalikuwa yanauma. Eliuta alikuwa amebaki shingo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo wiki nzima sikulifanya. Nilikuwa nimemwuliza fundi, dalali, majirani wawili na mwuza vocha, lakini si gari lenyewe. Nikainama, nikaweka mdomo karibu na bati.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Nilisikia radieta ikimeza mate.

"Sijawahi kuulizwa," likasema. "Nilipofika hapa niliambiwa nabeba tani mbili. Nikasema labda wananijua kuliko ninavyojijua. Na mtu akiambiwa jambo kila siku, mama, anaishia kulibeba."

Nililielewa gari lile. Sitaki kusema zaidi ya hapo, lakini nililielewa mpaka kwenye mifupa.

"Wewe hukuzaliwa na kadi?" nikauliza. "Kila mtoto ana kadi."

Nilipotamka neno kadi, tukawa kliniki.

Ni kliniki yetu ile ile, yenye bango la chanjo na benchi linalochuna. Mizani sasa inaning'inia kwenye ndoano darini, na sauti yake ni ile ile, ila imevaa gauni jeupe la muuguzi. Imara Tisa imevalishwa ile suruali ya kitambaa ya kupimia watoto, inaning'inia hewani na gunia zake zote, magurudumu manne yakicheza polepole. Gari linaona haya. Akina mama wa foleni wanalisifu kwamba lina afya, na mmoja anauliza kama linanyonya bado. Eliuta naye yumo ndani, kidevu kwenye usukani.

Mwisho wa benchi amekaa mama mkwe wangu, amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga.

Huyu ndiye anayebaki na Agripina ninapokwenda darasani. Hajawahi kunizuia. Lakini kila nikitoka mlangoni hunikumbusha, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mama akisoma jioni maziwa hukauka. Nami njia nzima huwa najibonyeza kifua kuhakikisha.

"Huyo naye apimwe," Mizani inasema.

Mama mkwe anasimama, anakipeleka kile kifurushi kwa mikono miwili. Anaulizwa neno gani. Anasema ni lile la maziwa. Anaulizwa nani kasema.

"Niliambiwa na mama mkwe wangu," anasema. "Wakati ule nilikuwa naenda ngumbaru, kisomo cha watu wazima. Nikaacha."

"Na yeye aliambiwa na nani?"

Miaka mingi inapita usoni mwa mama mkwe, na hakuna hata mmoja unaosimama.

"Sikumwuliza," anasema. "Sisi tulikuwa hatuulizi."

Mizani inafungua kanga. Ndani hamna kitu. Inafungua pindo la pili, la tatu. Ni kanga tu, mpaka mwisho.

"Kumbe miaka yote hii nimebeba kanga," mama mkwe anasema. Hakulia wala hakucheka. Aliikunja vizuri, pindo kwa pindo, akanitupia begani kwa ajili ya mtoto, akarudi kukaa.

Nikajua nikiendelea kumtazama nitalia mimi, nikageukia gari.

"Kadi ya huyu?" Mizani ikauliza.

Nikafungua mkoba. Kulikuwa na nepi mbili, kijiko, kiazi kilichochemshwa, na kadi ya Agripina. Kadi ya gari hakuna. Kidevu cha Eliuta kilikuwa kimepotea. Sasa maji yasiyoonekana yalikuwa yanagusa mdomo wake, na alikuwa anakoroma kwa puani.

"Mama wa gari," Mizani ikasema, "hatupimi mtoto asiye na kadi. Tutajuaje alizaliwa na nini?"

Gari likaninong'oneza, kama mtoto anayekiri kwamba ndiye aliyevunja kikombe. "Ninayo."

"Iko wapi?"

"Kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini kidogo ya bawaba. Ipo tangu siku niliyozaliwa. Walinipaka rangi juu yake."

"Nani alikupaka?"

"Sikumbuki. Nilikuwa kijani."

Lilisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja kijiji chake. Na kile kiti cha sita, kiti cha rangi, ambacho hata mimi nilikiandika kujaza ukurasa tu, kikasimama chenyewe. Kikakunja miguu. Kikashuka bodini, kikapita mbele ya akina mama bila kumtazama mtu, kikatoka nje. Pale kilipokuwa kimekaa niliona alama kwenye gunia, kama alama ya kitu kizito. Neno dogo kuliko yote ndilo lililokuwa limelikalia kubwa.

Nikanyoosha mkono mpaka kwenye nguzo ya mlango, nikaanza kukwangua kwa ukucha wa dole gumba. Rangi nyeupe ikatoka laini, kama ganda la kiazi kilichoiva. Chini yake kijani. Nikakwangua kijani. Chini yake kuna kibati kidogo, si kikubwa kuliko kadi ya kliniki, kimepigiliwa ribiti pembe nne. Herufi zimeinuka. Nikazipapasa kwa kidole kwanza, kwa sababu ya machozi, halafu nikasoma.

"Kilo elfu moja," nikasema.

Akina mama kwenye benchi wakanyoosha shingo.

"Tani moja," Mizani ikasema. "Nani kasema?"

"Mimi," kikajibu kibati. Kilikuwa na sauti nyembamba, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea, akaona si vibaya. "Walionitengeneza walimpima huyu, wakaniandika, wakanipigilia hapa. Sijaondoka."

Kikanyooka, kikashuka, kikaenda kukaa kwenye kiti cha kwanza, kile nilichokuwa nimekikalia mimi. Kilikuwa kidogo lakini kilienea. Magoti yangu yakapata wepesi. Nikatafuta Kila Mtu nimwone atasema nini. Pale alipokuwa palibaki ovaroli, viatu na kilemba, vimeachwa chini bila mwenyewe.

Nikadhani tumemaliza. Nikamwita Eliuta. Pua ilikuwa bado juu.

"Sasa viazi," Mizani ikasema.

Na ndoano ikafunguka.

Hatukuanguka. Sakafu ya kliniki iliinama tu, benchi zikasogea pembeni, na mbele yetu ukawa mteremko wa Kihesamba na kona zake zote, mchana kweupe, mzuri wa kuogofya. Gari likaanza kuteremka taratibu. Viazi vya kwenye lumbesa viliomba radhi, vyote kwa pamoja. Mimi nilikuwa nje, nimeshika bampa kwa mkono mmoja, miguu inaburuzika, mtoto mgongoni analamba pindo la kanga ya bibi yake.

"Breki," nikaliambia gari.

"Nimeambiwa hazichoki," likasema kwa huzuni. "Lakini zimechoka."

Mizani ilikuwa inatembea kando yangu bila kuhema, na karatasi mkononi.

"Limebaki neno moja kwenye orodha," ikasema. "Eliuta Mlowe atafika Makambako, na jioni atarudi nyumbani amchukue mtoto. Nani kasema?"

Nikatazama bodini. Kweli, kulikuwa na kiti ambacho sikukiona tangu mwanzo. Hakikuwa chekundu. Kilikuwa kigoda changu cha jikoni, kile ninachokalia nikimenya viazi, chenye ufa upande mmoja.

"Mimi," nikasema.

"Umeona?"

"Hapana."

"Umeambiwa?"

"Hapana. Natumaini."

Mizani haikucheka. Iliandika. "Kutumaini si kosa," ikasema. "Ulipima?"

"Bado."

"Basi amka ukapime."

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka, ile saa ya kwetu ambayo ukungu unaingia mpaka uvunguni. Nje injini ya Imara Tisa ilikuwa inapashwa moto, na mama mkwe alikuwa anasonga uji, mwiko ukigonga sufuria. Kifua changu kilikuwa kimejaa maziwa mpaka kimelowanisha nguo. Agripina alikuwa amelala, amekamata dole gumba langu la kulia kwa mkono wake wote.

Nikalichomoa polepole. Chini ya ukucha kulikuwa na mstari wa kijani.

Sikutaka kusadiki upesi. Mtu anayesoma kwa Mwalimu Kyando haanzi kusadiki ukucha wake mwenyewe. Nikafikiri labda ni mchicha. Jana tulikula maharage. Nikafikiri labda ni mlango. Mlango wetu ni wa mbao tupu. Nikanusa. Ilikuwa rangi ya gari.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachukua kigoda cha jikoni na kisu cha kumenyea, nikatoka.

Eliuta alikuwa anakaza kamba za turubai. Gunia ishirini na kofia zake zimesimama nyuma yake, na matairi ya nyuma yamebonyea kama mashavu. Niliweka kigoda mbele ya gurudumu la mbele, nikakaa.

Alinitazama. Akamtazama mama yake pale jikoni, kana kwamba mama ameambiwa jambo ambalo yeye hajaambiwa.

"Mama Agri, vipi tena?"

"Hizo tani mbili, nani kasema?"

"Si tulimaliza jana? Kila mtu..."

"Aje akae." Nikainuka, nikamwonyesha kigoda.

Akakitazama kile kigoda. Mvuke ulikuwa unamtoka mdomoni. Eliuta si mjinga, na tangu Agripina azaliwe amekuwa anaendesha kwa mikono miwili. Lakini gunia ziko juu, viazi vya Mzee Mbwilo vinasubiriwa Makambako, na mwanamume amesimamishwa na kigoda mbele ya mama yake.

"Na wewe unayesema haiwezi," akauliza, taratibu, "nani kakwambia?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Mwalimu angelipenda. Nilifungua mdomo, nikaona siwezi kumwambia kwamba gari lake limenipa shikamoo.

"Hakuna," nikasema. "Bado sijui, Baba Agri. Lakini kuna pa kutazama." Nikampa kisu, mpini mbele. "Nguzo ya mlango wako, chini kidogo ya bawaba. Kwangua padogo tu. Kama ni nyeupe mpaka kwenye chuma, nenda, nitakufungulia geti mwenyewe."

"Utaniharibia rangi ya kiwandani."

"Nitaomba radhi mbele ya Mzee Mbwilo."

Alicheka kwa pua, akazima injini. Akafungua mlango, akainama. Nilisikia mwiko wa mama mkwe ukisimama ndani ya uji. Kisha kisu kikakwaruza mara moja, mara ya pili, na ganda la rangi likadondoka juu ya kiatu chake.

Eliuta aliliokota. Upande mmoja lilikuwa jeupe. Akaligeuza, na upande wa pili lilikuwa kijani. Akatazama tena pale alipokwangua, akasogeza uso karibu.

Nami nikatazama dole gumba langu, kisha ganda lile mkononi mwake.

"Mama Agri," akasema hatimaye, bila kugeuka, kwa sauti ya chini ya mtu aliye kanisani, "hebu niletee taa."

Nikaenda kuleta taa. Nyuma yangu nilimsikia akivuta kigoda karibu na mlango, akikaa, akiendelea kukwangua.